Vipimo vya Pinde katika Godauni la Gerezani

Mume wangu aliumia bega tukiwa bado wachanga katika ndoa. Alikuwa fundi katika karakana moja ya mabehewa pale Gerezani. Mnyororo wa kunyanyulia vyuma ulikatika, kipande cha chuma kikampiga bega la kulia, na mkono ukalegea pale pale. Hospitali walimtibu vizuri na mfupa ukaunga, lakini siku walipomfungua bandeji mkono haukupanda. Aliweza kuufikisha usawa wa kifua tu, na mpaka hapo uso wote ulikuwa umeshakunjamana.

Tulikuwa tunakaa Kariakoo, chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji, wote wawili tumetokea Masasi. Mimi nilikuwa nashona. Cherehani yangu ilikaa barazani, na kutwa nzima nilishona sare za shule na magauni huku vumbi la saruji likiniingia puani, maana siku zile soko jipya lilikuwa linajengwa hatua chache kutoka kwetu. Yeye alikuwa amepewa mapumziko ya ugonjwa. Hospitali walimwonyesha mazoezi: afunge mpira wa ndani wa baiskeli kwenye komeo la mlango, auvute, aulegeze, auvute tena. Alifanya kwa muda, kisha akaacha.

“Mbona siku hizi huvuti?” nikamuuliza.

“Navuta mlango wa chumba changu mwenyewe,” akasema. “Nikishauvuta, kinatokea nini?”

Alikuwa mtu wa mizaha, mtu ambaye akiingia uani wapangaji wenzetu wanaanza kucheka kabla hajasema kitu. Sasa alikuwa anakaa kwenye kigoda kando ya mlango na kutazama ukuta. Binti yetu alikuwa ndio kwanza anajifunza kukaa. Akilia nami niko kazini, baba yake alikuwa anamwita jirani aje amnyanyue, na nilijua jambo hilo linamuumiza kuliko bega lenyewe.

Siku moja akaniambia nikaiuze baiskeli yake. “Siwezi kuiendesha kwa mkono mmoja,” akasema, na hakuitazama nilipokuwa naitoa.

Niliisukuma hadi Gerezani, kwenye duka la vipuri vya baiskeli. Mwenye duka alikuwa Mhindi wa umri wa baba yangu, mzaliwa wa hapa hapa mjini, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi ili isianguke. Watu wa mtaa walimpenda kwa sababu alikuwa hapunji mtu na alikuwa na maneno machache.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Pancha?”

“Hapana. Nauza.”

Alitoka nyuma ya kaunta, akaigeuza baiskeli kichwa chini, akazungusha gurudumu na kusikiliza. Kisha akapitisha kidole kwenye mnyororo.

“Baiskeli hii inatunzwa,” akasema. “Mtu anayetunza hivi haamki tu akauza. Kuna nini nyumbani?”

Sijui kwa nini nilimweleza. Nadhani ni kwa sababu aliuliza huku akiendelea kutazama gurudumu, si uso wangu. Nilimweleza habari ya mnyororo, hospitali, mpira wa mlangoni na kile kigoda. Alipomaliza kunisikiliza aliisimamisha baiskeli na kunirudishia usukani.

“Hii siinunui. Mimi nilipokuwa shule nilianguka kutoka juu ya mti nikavunja mfupa huu wa hapa,” akasema, akigusa chini ya shingo. “Mkono ukakauka. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa na pinde, akanipa ulio laini kuliko zote. Nikavuta mwaka mzima. Mlete mumeo. Lakini kwanza muulize yule mtu wa mazoezi wa hospitali kama anaruhusu. Mimi nauza vipuri, si daktari.”

Mama wa mazoezi kule hospitali alicheka kwanza, kisha akafikiri. Akasema kuvuta upinde mwepesi si tofauti sana na kuvuta mpira, mradi bega lisiumie na uzito uongezwe kidogo kidogo. “Na mjue hasa mmeongeza kiasi gani,” akatuambia. “Msikisie.”

Nyuma ya duka kulikuwa na godauni refu. Zamani lilijaa makasha ya baiskeli mpya, lakini miaka ile bidhaa za nje zilikuwa haziingii kwa urahisi, na godauni likabaki tupu, limebaki na harufu ya grisi na mpira tu. Mwishoni kabisa mzee alikuwa amepanga magunia yaliyojaa maranda ya mbao na kuchora duara kwa chaki. Alikuwa na pinde tatu. Wa kwanza ulikuwa wa mwanzi, aliutengeneza mwenyewe. Wa pili ulikuwa wa mti mgumu, aliununua kwa mlinzi mmoja aliyetoka Singida. Wa tatu ulikuwa wa kijani, wa kutoka ng’ambo, mbao zilizobanwa pamoja na kitu kama plastiki ngumu, na huo alikuwa anaufunika kwa shuka.

Jioni ya kwanza, duka lilipofungwa, mume wangu alipewa ule wa mwanzi. Aliuvuta nusu, akaachia. Mshale ulisafiri hatua chache ukalala sakafuni. Mume wangu aliutazama pale chini. Halafu akasema, “Huu nao umetoka hospitali,” na akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu siku ya ajali. Ilinibidi nijifanye nafunga kanga ya mtoto mgongoni.

Mzee hakucheka. Alileta mizani ya ndoano, ile ya kuning’iniza, akaifunga kwenye boriti, akautundika upinde kwa uzi wake, akauvuta chini mpaka urefu ambao mume wangu aliufikia, akasoma. Kisha akapima nafasi kati ya mshiko na uzi.

“Nani anaandika?” akauliza.

Mume wangu akaonyesha mkono wake wa kulia. Mzee akanigeukia mimi na kunipa penseli.

Ndivyo nilivyoingia kazini. Daftari lilikuwa la shule, la mistari. Mzee alinifundisha mambo ya kuandika kila jioni: upinde upi, uzi wa aina gani, nafasi kati ya mshiko na uzi, mahali kwenye uzi mshale unapokaa, uzito wa mizani, mishale ipi, na mishale imekwenda wapi. Mimi niliongeza jambo langu mwishoni. Niliandika, “Bega limesema nini.” Mume wangu aliponisikia nikimuuliza bega limesema nini, alijibu kwa sauti ya bega: “Limesema linataka chai.” Niliandika hivyo hivyo.

Mwanzoni niliona ni usumbufu. Mimi ni mshonaji, kupima ndiyo kazi yangu, lakini kifua cha mteja nilikuwa nakiandika kwenye kipande cha karatasi na nguo ikiisha nakitupa. Nilimwambia mzee, “Haya si tumeyaona kwa macho? Kwa nini tuandike?”

“Leo umeona. Wiki ijayo utakumbuka ulichotaka kuona,” akasema. “Na kitu kingine. Badili kitu kimoja tu kwa siku. Ukibadili uzi, mishale iache. Ukibadili vyote pamoja, mambo yakiwa mazuri hutajua ushukuru nini.”

Basi nikaandika. Taratibu nikaanza kuzijua pinde zile kama ninavyojua wateja wangu, nani ana bega la kushuka, nani hapendi kubanwa. Wa mwanzi ulikuwa mkakamavu siku ya jua na mlegevu siku ya mawingu. Wa Singida ulikuwa mgumu mwanzoni mwa jioni, unalainika baada ya mishale michache. Shida kubwa ilikuwa nyuzi. Zile za asili zilikuwa zimechakaa na hapa mjini hazikupatikana. Tulijaribu katani, ikakatika. Nilikwenda Feri kwa wauza nyavu nikanunua uzi wa nailoni, ukawa unanyooka kama mpira. Mwisho nilichukua uzi wa fundi viatu, nikausokota mara kadhaa, nikaupaka nta ya nyuki, nikafunga vitanzi ncha zote mbili kwa mshono wa tundu la kifungo. Mzee aliushika, akaupiga kwa kidole, akausikiliza kama alivyosikiliza gurudumu.

“Huu umetengenezwa na mtu anayejua uzi,” akasema.

Nililala na maneno yale. Mpaka hapo nilikuwa najiona mwandishi wa mambo ya watu wengine.

Uzito uliongezeka. Mume wangu alikuwa anavuta upinde wa mwanzi mpaka kidevuni, na mishale ilikuwa inafika kwenye magunia. Kisha zikaja mvua za masika, na mambo yakaharibika. Jioni baada ya jioni mishale ilishuka chini ya duara, mingine ikapiga sakafu. Uzi ukawa unamchapa kifundo cha mkono wa kushoto mpaka kikavimba. Alivumilia, halafu siku moja akauweka upinde chini.

“Mkono unarudi nyuma,” akasema. “Mliniambia utapona. Tazameni wenyewe. Nilikuwa nafika pale juu, sasa sifiki. Mimi basi.”

Mzee alikuwa dukani anamalizana na mteja. Tulikuwa wawili tu, mtoto amelala juu ya gunia, mvua inapiga bati. Nikafungua daftari kwa sababu mikono yangu ilihitaji kitu cha kufanya.

Nilisoma jioni za nyuma, moja baada ya nyingine. Urefu anaovuta ulikuwa ule ule. Bega lilikuwa limesema haliumi, limesema haliumi, limesema lina njaa. Lakini nafasi kati ya mshiko na uzi ilikuwa inapungua kila jioni, kidogo kidogo, tangu tulipofunga ule uzi wa nailoni, maana wa fundi viatu ulikuwa umekatika na sikuwa nimepata mwingine. Na uzito wa mizani ulikuwa unashuka tangu mvua zianze.

“Si mkono,” nikasema.

“Usinibembeleze.”

“Sikubembelezi. Sikiliza.” Nikamsomea. “Wewe unavuta vile vile. Uzi umenyooka, ndiyo maana unakuchapa. Na mwanzi umelewa unyevu, hauna nguvu. Mkono wako haujarudi popote.”

Alikaa juu ya kasha. Alifunika uso kwa kiganja cha kushoto.

“Soma tena,” akasema.

Nikasoma tena. Safari hii alinifuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Mzee aliporudi tulimweleza. Akatundika upinde kwenye mizani, akasoma, akatingisha kichwa kukubali. Kesho yake nilipita kwa fundi viatu, safari hii alikuwa na uzi, nikasokota mpya. Ule wa mwanzi tukaupumzisha mpaka jua litoke, mume wangu akashika wa Singida, kwa mvuto mfupi kwanza. Kiangazi kilipofika alikuwa anauvuta wote.

Katika siku hizo hizo nilitoka barazani jioni moja nikamkuta uani na binti yetu begani, bega lile lile. Mtoto alikuwa amelia, naye alikuwa amemnyanyua tu, bila kufikiri. Aliponiona nimesimama ndipo alipotambua alichofanya. Niliingia ndani kuwasha jiko, na machozi niliyatolea moshi kisingizio.

Mtaani maneno yalikuwa yameanza. Watu wanaingia kwenye godauni tupu kila jioni, wana pinde, na mwanamke anaandika. Siku moja balozi wetu wa nyumba kumi, mwangalizi wa usalama wa mtaa kwa niaba ya chama, alikuja barazani kwangu. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya chini, anayeuza miiko na vyungu. Alikaa kwenye benchi la wateja na kuniomba daftari. Nikampa. Alisoma kimya kimya, kidole juu ya maneno, kisha akasoma kwa sauti:

“‘Wa kwanza kulegea tangu mvua. Kupumzishwa. Wa kijani tayari, lakini pole pole.’” Akanitazama. “Mwanangu, huyu wa kijani ni nani?”

“Ni upinde, mama.”

“Na huyu anayepumzishwa?”

“Ni upinde pia. Unafunguliwa uzi, unalazwa.”

Halafu akaendelea kusoma, akafika kwenye “bega limesema linataka pilau,” akafunga daftari.

“Twende,” akasema.

Nilimpeleka godauni. Mume wangu alimwonyesha namna ya kusimama, mzee akamchagulia ule wa mwanzi. Mshale wake wa kwanza ulipiga bati. Aliomba mwingine. Aliomba mwingine tena. Alipomaliza alijifuta jasho kwa ncha ya kanga.

“Na mimi niandike,” akaniambia. “Mkono huu wa kushoto una baridi yabisi tangu mwaka juzi.” Tangu siku hiyo tulijulikana mtaani kama kikundi cha mazoezi, na hakuna mtu aliyetusumbua. Mama yule alikuwa anakuja baada ya kufunga biashara yake, analeta vitumbua.

Nilikuwa bado sijavuta hata mara moja. Mzee ndiye aliyeliona hilo.

“Wewe unazijua hizi pinde kuliko sisi sote,” akasema, “na hujawahi kuuliza zinavutwaje.”

Nilijifunga kanga kiunoni, nikachukua ule wa Singida. Nilijua uzito wake, nilijua nafasi yake, nilijua mahali mshale unapokaa maana hapo nilifunga mwenyewe alama ya uzi mwekundu. Nilipoachia, kulikuwa na jambo ambalo sikuwahi kuliandika, namna kimya kinavyoingia kifuani kabla mshale haujagusa gunia. Niligeuka nikawatazama, na mume wangu alikuwa amenyanyua mikono yote miwili kushangilia, mmoja juu kabisa, mwingine usawa wa sikio.

Alirudi kazini karakana, na tuliendelea kwenda godauni jioni za mwisho wa wiki. Kisha mzee akatuambia anaondoka. Watoto wake walikuwa ng’ambo, mke wake alishafariki, na walikuwa wamemwita kwa muda mrefu. Duka lilikuwa limeshapata mtu.

Jioni ya mwisho alifunua ule wa kijani, akampa mume wangu.

“Huu ni wenu. Mimi nachukua wa mwanzi.”

“Mzee, huu wa kijani ndio mzuri,” mume wangu akasema.

“Najua. Ndiyo maana nawapa. Wa mwanzi niliutengeneza kwa mikono yangu, huko nitataka kushika kitu nilichotengeneza hapa.” Akanigeukia. “Ninakuomba uniandikie vipimo vyake. Vyote, na vya mvua. Huko kuna baridi, utabadilika. Nikishajua ulivyokuwa hapa, nitaweza kuanza.”

Sikuwa na karatasi nzuri. Nilimwandikia kwenye karatasi ya kukatia gauni, kwa mwandiko wangu bora kabisa, nikaikunja pamoja na nyuzi mbili mpya nilizosokota. Alizitia katika mfuko wa shati. Nilitaka kumshukuru kwa mkono wa mume wangu, kwa baiskeli aliyokataa kuinunua, kwa ile penseli. Nikasema tu, “Mzee, asante.”

“Umeniandikia mpaka na mvua,” akasema. “Mimi ndiye wa kushukuru.”

Hatukupata habari zake tena. Miaka ile watu waliondoka na kumezwa na ulimwengu. Lakini kila nilipomwombea mtu kwa siri, yeye alikuwamo.

Godauni lilipochukuliwa tulihamia uwanjani Jangwani, mchana wa Jumapili, tukiwa na magunia yetu juu ya mkokoteni na mama balozi akitangulia njia. Kule hapakuwa na ukuta wala bati. Upepo ulikuwa unatoka baharini na kuisukuma mishale yote upande mmoja. Mume wangu alipiga, akasogeza mguu, akapiga tena, akakosa. Safari hii hakuutilia mkono wake shaka hata kidogo. Aliniangalia akicheka.

“Haya, fundi. Upepo unaandikwaje?”

Nilichana kipande cha kitambaa kutoka kwenye mabaki ya sare za shule, nikakifunga kwenye kijiti karibu na magunia. Tulipokitazama kwa muda tukajua upepo mdogo ukoje na mkubwa ukoje. Nikaanza ukurasa mpya.

Mume wangu alifanya kazi karakana mpaka akastaafu. Mkono ule haukupanda zaidi ya sikio maisha yake yote, na shati alivaa kwa kuanza na upande wa kulia. Lakini alichimba nao msingi wa nyumba yetu Temeke, akapaka nao chokaa kuta zote, na kila alipomaliza ukuta alikuwa ananiita nije kuuangalia. Nilikuwa naacha cherehani na kwenda. Tulisimama pamoja mbele ya ule weupe, tunanuka chokaa, sina ninachotaka zaidi.